Kifaa gani kinamsaidia kweli mzee mwenye ugonjwa wa kusahau?

WIKI mbili zilizopita safu hii ilizungumzia dalili za mwanzo za demensia, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita ugonjwa wa kusahau. Ujumbe mwingi niliopokea tangu siku hiyo unauliza jambo moja: kama dawa ya kuponya haipo, je, hakuna hata kifaa? Msomaji mmoja ameuliza kuhusu saa ya mkononi inayoonyesha mzee yuko wapi. Mwingine yuko tayari kumnunulia baba yake simu janja ya bei kubwa akiamini itamkumbusha dawa. Wa tatu, anayeishi nje ya nchi, ameshafunga kamera sebuleni kwa mama yake, na sasa anaona kila kitu lakini hajui afanye nini na anachokiona.

Vifaa vipo, na baadhi vinasaidia sana. Ila kinachosaidia mara nyingi si kile kipya kuliko vyote dukani, na kifaa kizuri kikiingia nyumbani kwa kuchelewa ni pesa iliyotupwa. Ili kuelewa kwa nini, tuanze na ubongo wenyewe.

Kwa nini simu mpya inamshinda

Demensia si ugonjwa mmoja. Ni jina la kundi la magonjwa yanayoharibu ubongo kidogo kidogo hadi mtu ashindwe kujitegemea. Alzheimer ndio mkubwa wao, ukichangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Mwingine unatokana na mishipa ya damu ya ubongo iliyoziba au kupasuka, na huo unahusiana sana na presha na kisukari ambavyo havijadhibitiwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa kwetu, watafiti waliopima wazee wa miaka 70 na kuendelea katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walichapisha mwaka 2013 kwamba asilimia 6.4 walikuwa nao. Hiyo ni takriban mzee mmoja katika kila 16. Kwa hiyo anayedhani huu ni ugonjwa wa Wazungu afikirie upya.

Katika Alzheimer, kinachoharibika mwanzoni kabisa ni uwezo wa kuingiza jambo jipya kichwani na kulihifadhi. Mambo ya zamani hudumu zaidi, hasa yale ambayo mikono imeyazoea. Ndiyo maana bibi asiyekumbuka kama amekula mchana bado anaweza kusuka ukili au kupepeta mchele bila kukosea. Sasa fikiria simu mpya ya kugusa. Alama zake zote ni ngeni, kidole kikiteleza kidogo skrini inabadilika, na maelezo uliyompa saa nne asubuhi yameshafutika saa tano. Mzee si mkaidi na wala hajakataa maendeleo. Umemdai kile ambacho ugonjwa umeshachukua.

Hapo zinapatikana kanuni mbili ambazo nazitumia kupima kifaa chochote ninachoulizwa. Ama kimfikie mgonjwa mapema, wakati bado anaweza kukizoea, ama kisimdai chochote kabisa, kifanye kazi hata kama hajui kipo. Kifaa kinachomtaka mgonjwa wa hatua ya kati abonyeze, achague, akumbuke namba ya siri au akichaji mwenyewe, usikinunue.

Kwa kanuni hiyo, kitochi alichokitumia kwa miaka kumi na tano ni bora kuliko simu janja ya laki sita. Mikono yake inakijua. Unachoweza kufanya ni kukirahisisha: futa majina yasiyohitajika, weka watu watatu au wanne kwenye vitufe vya kupiga kwa kubonyeza mara moja kwa muda mrefu, bandika kijikaratasi chenye herufi kubwa nyuma ya simu. Kama kimeharibika, tafuta kingine cha aina ileile. Kwa mgonjwa ambaye tayari anatumia simu janja na bado yuko hatua ya mwanzo, ondoa programu zote asizotumia, weka picha za wanawe kwenye ukurasa wa kwanza ili akigusa uso wa mtu simu ipigwe, na ubadilishe lugha ya simu kuwa Kiswahili. Inashangaza ni wazee wangapi wanaopewa simu inayowasemesha Kiingereza.

Saa ya nani?

Madukani huko Ulaya kuna saa maalumu kwa ajili ya watu wenye demensia. Ni kioo kikubwa kinachoandika siku, tarehe, saa, na kama ni asubuhi au usiku. Ni kifaa kizuri, kwa sababu kupoteza hesabu ya siku na wakati ni moja ya mateso ya ugonjwa huu. Mtu anaamka saa nane za usiku, anavaa, anataka kwenda shambani. Anaona giza lakini giza halimwambii kitu.

Tatizo ni kwamba sisi tuna saa zetu. Kioo kikiandika 20:00, wewe na mimi tunasoma saa mbili usiku. Hesabu hiyo tunaifanya haraka kiasi kwamba hatujui tunaifanya. Hata kwenye saa ya ukutani yenye mishale, mshale mfupi uko kwenye nane, sisi tunasema mbili, yaani namba iliyo upande wa pili. Ubongo unaoanza kuchoka unapoteza hesabu kama hizo mapema, na nimeona wazee waliokuwa makarani wakibishana na saa. Saa za kusema nazo, nyingi zinatamka kwa Kiingereza na kwa mtindo huohuo wa kizungu. Kwa mzee wa hapa, ubao mdogo wenye maneno "Leo Jumatano. Asubuhi." unaobadilishwa na mjukuu kila siku unaweza kumfaa kuliko saa ya elektroniki. Adhana na kengele ya kanisa pia ni saa, na zina faida kwamba amezisikia maisha yake yote.

Tukiwa kwenye sauti: simu nyingi za Android zinakuruhusu kurekodi sauti na kuifanya kuwa mlio wa alamu. Mlio wa kawaida unamwambia mgonjwa kwamba kuna kitu anapaswa kufanya, lakini haumwambii ni kitu gani, na hapo ndipo anapoanza kuhangaika nyumba nzima. Sauti ya binti yake ikisema, "Baba, shikamoo, ni saa mbili asubuhi, kunywa uji wako kwanza," inamwelekeza. Maneno yawe machache, jambo liwe moja.

Angalizo mbili. Ya kwanza, msiweke sauti ya mtu aliyefariki, hata kama ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Mzee ataamka kumtafuta. Ya pili, kuna aina ya demensia, ile ya miili ya Lewy, ambayo humfanya mgonjwa aone watu na wanyama wasiokuwepo. Kwa mgonjwa wa namna hiyo sauti inayotoka kwenye kabati bila mtu inaweza kumtia hofu kubwa, na katika nyumba zetu haichukui muda kabla hajaitwa mtu wa kutoa majini. Wengine hata televisheni inawasumbua. Wanadhani waliomo wamekaa nao sebuleni na wanataka kuwakaribisha chai. Jaribu ukiwa umekaa naye, uangalie uso wake, kabla ya kumwachia kifaa peke yake.

Kuhusu dawa nitasema wazi: alamu haitoshi. Mgonjwa anaweza kusikia alamu, akameza, akasahau, akameza tena. Kwa dawa za kupunguza sukari, hasa glibenclamide ambayo bado inatumika sana, dozi mbili zinaweza kushusha sukari ya mzee hadi akapoteza fahamu. Kuna vifaa vya kielektroniki vinavyofungua chumba kimoja tu cha dawa kwa wakati uliopangwa, lakini ni ghali. Kiboksi cha plastiki chenye vyumba vya siku saba kinapatikana kwa bei ndogo. Kiwe mikononi mwa anayemhudumia, naye ndiye ajazaye na ndiye atoaye. Alamu iwe kwa ajili yake, si kwa ajili ya mgonjwa.

Vifaa havikubeba mzigo

Uingereza walifanya jaribio ambalo kila anayeuza vifaa hivi angepaswa kulisoma. Liliitwa ATTILA. Watu 495 wenye demensia, wanaoishi majumbani kwao, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilifungiwa vifaa kamili kulingana na mahitaji ya kila mmoja: vikumbusho, vihisio vya mwendo, vifaa vya kufuatilia mahali mtu alipo. Kundi la pili lilipewa vichache vya msingi tu, kama king'ora cha moshi na kitufe cha kuvaa cha kuomba msaada. Walifuatiliwa hadi miaka miwili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba vifaa vile vingi havikuchelewesha siku ya mgonjwa kupelekwa kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mzigo wa walezi haukupungua, wala huzuni na wasiwasi wao.

Simaanishi kwamba vifaa ni bure. Kihisio kinakwambia mlango umefunguliwa saa tisa usiku. Bado lazima mtu ainuke kitandani amfuate mzee. Kifaa kinatoa taarifa, mtu ndiye anatoa msaada. Vifaa vingi vya namna hii vimebuniwa kwa ajili ya mzee anayeishi peke yake kwenye nchi ambayo kampuni ina watu wa zamu wanaopokea taarifa hizo saa 24. Nyumba zetu nyingi zina watu. Tunachokosa ni mgawanyo wa kazi. Mzigo wote unamwangukia binti mmoja ambaye hajaolewa, au mkwe, au dada wa kazi wa miaka kumi na minane asiyejua hata jina la ugonjwa anaouhudumia.

Kwa hiyo teknolojia ninayoipigia debe kuliko zote ni ile ambayo kila familia tayari inayo: kundi la WhatsApp. Kwa kawaida linatumika kutuma "pole mama" na picha za maua, huku mtu mmoja akifua mashuka. Ligeuzeni liwe la kazi. Wekeni humo zamu za wiki, nani analala naye lini. Pigeni picha dawa zote na kadi ya kliniki ili aliye mbali naye ajue. Anayemhudumia aandike kwa maneno machache kila linalobadilika: usiku hakulala, ameanguka bafuni, amekataa kula. Mkija hospitali na maandishi ya mwezi mmoja ya namna hiyo mnamsaidia daktari kuliko kipimo chochote cha kichwa. Na mchango wa kila ndugu uonekane hapo, uwe wa fedha au wa siku za likizo.

Kwa mtoto aliye mbali, kupiga simu ya video ni jambo jema, ila kuna namna yake. Piga muda uleule kila siku. Zungumzeni wawili, si ndugu saba kwenye skrini moja iliyokatwa vipande. Na tafadhali usimfanyie mtihani. "Mama, unanikumbuka mimi ni nani?" ni swali linalomwaibisha, na akikosa jibu atabaki na aibu hiyo hata baada ya kusahau chanzo chake. Anza kwa kujitaja: "Shikamoo mama, ni mimi mwanao wa pili, nipo Mwanza." Halafu mwulize jambo la zamani analolimudu.

Akitoka na kupotea

Hili ndilo linalowanyima familia usingizi, na ni haki yao. Mgonjwa anayetoka na kutembea huwa anakwenda mahali fulani kichwani mwake: kazini alikostaafu miaka ishirini iliyopita, kwa mama yake aliyekwisha kufariki, nyumba ya zamani ya Kariakoo iliyokwisha kubomolewa. Ukijua anakokwenda umeshapunguza nusu ya eneo la kumtafuta.

Vifaa vya GPS wanavyofunga wenye bodaboda na bajaji vinafanya kazi kwa kanuni ileile ya vile vya kuvaa mtu. Ndani yake kuna laini ya simu, kinapokea mawimbi ya setilaiti, kinakutumia mahali kilipo. Udhaifu ni wa kawaida: kikiisha chaji hakina kazi, bando likiisha hakina kazi, ndani ya nyumba ya ghorofa au soko lenye paa zito kinaweza kukosea, na mgonjwa akikivua kitakuonyesha vizuri kabisa mahali kilipo kitanda chake. Wanaofaulu ni wale wanaokiweka kwenye kitu ambacho mzee hatoki bila hicho. Kwa mmoja ni mkanda, kwa mwingine mkoba, kwa mwingine mfuko wa ndani wa koti. Na lazima awepo mtu mmoja mwenye jukumu la kukichaji kila usiku. Kama mzee ana simu janja na huwa haachi simu yake, huduma ya kushirikishana mahali kwenye Ramani za Google inafanya kazi hiyohiyo bila kununua kitu.

Kengele ndogo ya sumaku inayofungwa mlangoni na kulia mlango ukifunguliwa ni kifaa ninachokipenda zaidi. Ni ya bei nafuu, inatumia betri ndogo, na haimdai mgonjwa chochote. Kumfungia kwa kufuli kutoka nje sikubaliani nako hata kidogo. Nyumba ikiwaka moto, mtu huyo amekufa, na dirisha lina nondo.

Kuna kitu kingine kisichohitaji umeme: bangili au kitambaa kilichoshonwa ndani ya nguo, chenye jina analoitwa na namba mbili za simu za ndugu. Usiandike mahali anapoishi. Na waambie watu. Kijiwe cha bodaboda, muuza duka, imamu au mzee wa kanisa, mjumbe, na kwa Zanzibar sheha. Familia nyingi zinaficha ugonjwa huu kwa aibu, na kuficha huko ndiko kunakomfanya mzee azunguke saa sita mtaani huku kila aliyemwona akidhani anakwenda kwa jamaa yake. Kuna hatari kubwa zaidi. Katika nchi yetu, wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Bibi kizee anayekutwa alfajiri kwenye ua wa mtu mwingine, akiongea peke yake na asiyejua amefikaje hapo, yuko katika hatari hiyo. Jirani aliyeambiwa mapema kwamba bibi huyu anaumwa atamkamata mkono na kumrudisha nyumbani.

Je, ni halali kumfuatilia mtu mzima kama pikipiki? Jibu langu ni kwamba aulizwe mapema, wakati bado anaelewa swali. Wengi wakielezwa kwa heshima wanakubali, na baadhi wanasema wenyewe, "Niwekeeni." Anayekataa akiwa na akili timamu amekataa. Kamera ni jambo zito zaidi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, heshima ya mzazi haihitaji bunge. Kamera isiwekwe bafuni wala chumbani, na dada wa kazi aambiwe ipo. Yule msomaji wangu wa nje ya nchi nimemwambia aanze kwa kumpigia simu anayeishi na mama yake, amwulize amelala saa ngapi jana.

Pesa kwenye simu

Dalili ya mwanzo ya ugonjwa huu wakati mwingine haionekani kliniki wala nyumbani. Inaonekana kwa wakala. Mzee anakosea namba ya siri mara tatu, anatoa pesa ileile mara mbili kwa siku, anamtumia mtu asiyemjua. Namba ya siri akiisahau, anaanza kumtajia wakala, au mjukuu, au anaiandika nyuma ya simu. Halafu kuna ule ujumbe tunaoupata sote, wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wewe unaufuta. Mtu ambaye kumbukumbu zake zina mashimo anaamini kwamba kweli kuna hela alipaswa kuituma na amesahau, maana amezoea kuambiwa amesahau.

Ukiona dalili hizo, punguzeni kiasi kinachokaa kwenye laini yake hadi kiwe cha matumizi ya wiki. Asinyang'anywe simu, kumnyima kabisa uwezo wa kumnunulia mjukuu soda kunamvunja moyo. Ujumbe wa kitapeli utumwe kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na kwa kupiga *106# mtaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa, kwani wapo wanaoshawishiwa kuweka kidole kwa ajili ya wengine. Masuala ya pensheni, hati ya nyumba na akaunti ya benki yapelekwe kwa mwanasheria mapema, wakati mzee bado anaelewa anachokitia sahihi. Mnapongoja hadi asielewe, mnaingia kwenye kesi za ndugu, na kesi hizo zinaweza kudumu kuliko mgonjwa.

Kompyuta ya mazungumzo

Si kila kifaa ni cha kuzuia hatari. Huko Scotland, watafiti wa vyuo vikuu vya Dundee na St Andrews walitengeneza mfumo wa kompyuta unaoitwa CIRCA. Ni skrini ya kugusa yenye picha za zamani, nyimbo na video fupi. Mgonjwa na anayemhudumia wanakaa pamoja, mgonjwa anachagua, na picha inaanzisha hadithi. Waligundua kwamba watu wenye demensia waliweza kuitumia skrini hiyo bila kufundishwa, kwa sababu haikuwa na jibu sahihi wala la makosa, na kwamba katika mazungumzo hayo mgonjwa alikuwa akiongoza badala ya kuhojiwa.

Hatuhitaji kusubiri CIRCA ya Kiswahili. Kumbukumbu zinazodumu zaidi ni za ujana, kuanzia miaka kumi hadi thelathini hivi. Mwenye miaka 75 leo alikuwa kijana miaka ya sitini mwishoni na sabini. Basi tafuta nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, za NUTA Jazz, za Cuban Marimba, taarabu ya zamani, kwaya za enzi zake au kaswida, kulingana na yeye alikuwa nani. Ziweke kwenye flashi na uichomeke kwenye redio ndogo ya kuchaji. Sauti ya redio hiyo imfikie bila yeye kubonyeza chochote. Wakati mzuri ni jioni, kuanzia saa kumi na moja, ambapo wagonjwa wengi huanza kuhangaika na kutaka kwenda "nyumbani" huku wakiwa nyumbani. Nimeona mzee ambaye hajasema sentensi nzima kwa wiki mbili akiimba ubeti mzima, na mkewe akatoka nje kulia.

Wajapani wao wana roboti yenye umbo la mtoto wa sili, jina lake PARO, yenye manyoya meupe, inayogeuza kichwa ikipapaswa. Bei yake ni karibu dola 6,000 za Marekani. Ilipojaribiwa katika nyumba za wazee nchini Australia kwa wagonjwa 415, ikilinganishwa na sili huyohuyo akiwa amezimwa, tofauti kati ya mashine na mwanasesere haikuwa kubwa kama bei ingekufanya utarajie. Mwenye mjukuu wa miaka minne nyumbani anaweza kuiokoa fedha hiyo.

Hai yenyewe imetoa kitu ambacho dunia imekisoma. Kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa na watafiti kwa kushirikiana na wazee wa huko, ni kifupi na hakihitaji kusoma wala kuandika. Mzee anaulizwa maswali machache, anataja wanyama, na anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo analoonyeshwa, kwa sababu mkono ambao haukushika kalamu shuleni hauwezi kuhukumiwa kwa kuchora. Baadaye kikawekwa kwenye programu ya simu ili mhudumu wa afya asiye daktari aweze kukitumia kijijini. Hapa kompyuta imewekwa mikononi mwa mtu sahihi. Mzee anashika kiberiti, mhudumu anashika simu. Katika wilaya hiyohiyo wazee walikusanyika pia kwenye vikundi vya kuchangamsha akili kwa michezo, nyimbo na mazungumzo, na hali zao zikapimwa kuwa bora baada ya wiki chache. Hakukuwa na kifaa chochote cha kuchaji.

Kabla hujanunua chochote kati ya hivi, mzee apimwe. Kuna kusahau kunakotokana na upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona, maambukizi, au dawa za usingizi na mzio anazomeza kila siku, na baadhi ya hayo yanatibika. Masikio yaangaliwe na macho pia. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet mwaka 2024 liliweka upungufu wa kusikia na wa kuona kati ya mambo 14 ambayo kwa pamoja yanahusishwa na karibu asilimia 45 ya demensia duniani. Shimesikio, ambayo siku hizi ni kompyuta ndogo kabisa, ndiyo kifaa ambacho ningependa familia iulizie kwanza. Wakati mwingine hata hiyo haihitajiki: ni nta imejaa masikioni, mzee hasikii anachoambiwa, na watu wa nyumbani wanasema amesahau.

Siku ya kumleta kliniki, njooni na dawa zake zote ndani ya mfuko, zikiwemo za kienyeji, pamoja na miwani yake na simu yake. Aje na anayelala naye nyumba moja, si mtoto mwenye gari peke yake.